Mnyama wa Hema la Tano

Redio, muuza nyanya wa mtaa, alisema Mama Mashuka kaiba mashuka. Hakusema kwa ubaya. Redio hana ubaya na mtu, ila habari ikimkaa tumboni humsokota, na dawa yake ni kuitoa. Siku hiyo aliitolea mlangoni kwa Mama Bonge saa mbili asubuhi, ndoo ya nyanya ikiwa bado kichwani, wala hakuitua.

"Jirani, mimi sikwambii kitu. Lakini shangazi yako nimemwona kwa macho yangu haya akishuka kwenye lori la kambi. Leo Jumanne, siyo siku yake ya likizo. Na ana furushi, jirani. Furushi la mashuka meupe, ungedhani anaoza binti watatu kwa siku moja. Wamemfukuza, naye kajilipa."

Mama Bonge alikuwa ananyonyesha. Alimjibu kwamba shangazi yake hajawahi kuchukua hata pini ya mtu. Redio akakubali kabisa, akasema ndiyo maana habari yenyewe imemshangaza, lakini lisemwalo lipo, kama halipo laja. Kisha akaenda mlango wa pili kushangaa upya.

Shangazi huyo, dada wa baba yake Mama Bonge, ndiye aliyemlea tangu akiwa darasa la tatu mpaka alipoolewa. Kwa miaka kumi na tisa alikuwa dobi wa kambi moja ya watalii, mwendo wa saa nne kwa lori, ndani kabisa ya pori. Ilikuwa kambi ya wenye nazo. Mahema yalikuwa kumi, kila moja kubwa kuliko nyumba ya Shangazi, na ndani yake mna sakafu ya mbao, kitanda cha kulaza watu wanne na beseni la kuogea lenye miguu ya shaba. Nje kuna kibaraza kinachotazama mto, na mgeni anaweza kunywa chai huku tembo wanakunywa maji.

Wengine wakitoka kambini walisimulia simba. Shangazi alisimulia foronya. Alijua doa la divai linavyotoka, alijua jasho la mgeni aliyeogopa fisi lina rangi gani kwenye mto, na jambo alilojivunia kuliko yote ni kwamba mashuka yake yalisimama. Aliyatia wanga, ule unga unaokorogwa kwenye maji ya moto, na nguo ikikauka inakuwa ngumu kama karatasi, halafu akayapiga pasi ya mkaa mpaka pembe zake ziweze kukata kidole. "Shuka lililofuliwa na mtu linajulikana," alizoea kusema. "Unaliegemeza ukutani, na halianguki." Ndiyo maana mtaa mzima ulimwita Mama Mashuka.

Basi Mama Bonge alimfunga mtoto mgongoni na kutoka. Hakuogopa habari ya wizi, hiyo hakuiamini hata nusu. Aliogopa lile neno la kufukuzwa. Kazi ile ilikuwa mgongo wa Shangazi. Bila hiyo angekaa barazani akitafuta kitu cha kukunja.

Aliukuta uwanja wa shangazi yake mweupe wote. Mashuka yalikuwa kwenye kamba, kwenye ua, hata juu ya paa la banda la kuku. Katikati yake Shangazi ameinama kwenye karai, mikono imezama mpaka kwenye viwiko.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba. Umekuja kwa miguu yako au umeletwa na Redio?"

Mama Bonge akasema ukweli, kwamba ameletwa na Redio. Shangazi akacheka kidogo, akapangusa mikono, akamchukua mtoto, akaketi naye juu ya ndoo iliyopinduliwa. Mtoto alikuwa na miezi saba, mnene wa mashavu na mapaja, ndiyo maana akaitwa Bonge. Shangazi alimnusa shingoni, halafu akaanza kueleza.

Pale kambini kulikuwa na desturi. Kila mwaka, kabla wageni wa msimu hawajaanza kufika, meneja huwalaza wafanyakazi mahemani kama watalii, kila mtu zamu yake, ili waone kwa ngozi yao wenyewe kilichoharibika: zipu isiyofunga, bomba linalovuja, taa inayommulika mtu machoni. Asubuhi kila mmoja anapewa karatasi aandike kasoro alizoziona. Mpishi alishalala, dereva alishalala, mpaka mchoma takataka alishalala. Shangazi peke yake alikwepa miaka yote kumi na tisa. Alisingizia kazi nyingi. Ukweli ni kwamba alishindwa kabisa kuona vipi mtu atalichafua shuka alilolifua kwa mikono yake. Mwaka huu meneja, mwanamke mrefu asiyependa kurudia neno, alimwandika wa kwanza kabisa. Tena hema la tano, la maharusi.

"Nikajitahidi kuwa mgeni," Shangazi alisema. "Kumbe kazi ya ugeni ni ngumu."

Walimpokea kwa kitambaa cha maji ya moto cha kupangusa uso. Alipangusa, halafu akakikunja na kukitia mfukoni ili akakifue. Mezani aliinuka mara mbili kuondoa sahani, na mara mbili mpishi alimkalisha kwa kumshika mabega. Alipoingia kitandani, miguu yake ikagusa kitu cha moto chenye manyoya. Aliruka hadi mlangoni. Kilikuwa chupa ya mpira yenye maji ya moto, imevishwa kimfuko cha sufu, kwa ajili ya kumpasha mgeni miguu. Shangazi alikitambua kile kimfuko. Alikuwa amevifua vimfuko vile kwa miaka kumi na tisa akidhani ni kofia za watoto wa watalii, na mara nyingi aliwahurumia hao watoto kwa jinsi vichwa vyao vilivyokuwa bapa.

Mama Bonge alicheka mpaka akashikilia ua. Shangazi akamngoja amalize, kwa kuwa sehemu ya mnyama ilikuwa bado.

Hema la tano lilikuwa na mnyama wake. Kila mtu kambini alimjua kwa habari, ingawa hakuna aliyemwona. Wageni waliolala humo walilalamika kwamba usiku kucha kuna kitu kinakanyaga majani makavu karibu kabisa na kitanda, kwaru, kwaru, wasipate usingizi. Askari wa zamu alizunguka na tochi bila kuona hata unyayo. Mwongoza watalii, ambaye tangu azaliwe hajawahi kusema sijui, aliwaambia ni fungo, yule paka wa porini atembeaye usiku, akawaeleza na chakula chake na tabia zake. Mahema mengine nayo yalikuwa na mnyama huyo, lakini wa hema la tano ndiye aliyekuwa mkubwa.

Shangazi alizima taa, akajifunika, akamsikia. Kwaru. Akatulia, na mnyama akatulia. Akavuta mguu mmoja, mnyama akapiga hatua moja. Akageuka ubavu, mnyama akapita mbio. Shangazi akakaa kitandani gizani, akafikiri kwa muda. Halafu akanyoosha kidole kimoja na kulikwaruza shuka taratibu, na mnyama akajibu kutoka chini ya kidole chake.

Alicheka peke yake kwa sauti mpaka askari akaja na tochi, akamuuliza kutoka nje kama amemsikia.

"Nimemsikia," Shangazi alimjibu. "Nimemlalia."

Yalikuwa mashuka. Wanga wake, ule uliomfanya atembee kifua mbele miaka yote, ndio uliokuwa ukipiga kelele. Ndiyo maana mnyama wa maharusi alikuwa mkubwa kuliko wengine: mashuka ya hema la tano Shangazi aliyatia wanga mara mbili, kwa heshima ya ndoa. Na maharusi, alisema, bila kumtazama Mama Bonge, si watu wa kulala wametulia.

Si kelele tu. Kulipopambazuka alijikuta na michirizi shavuni kama mtu aliyelalia mkeka. Hapo mazoea yakamshinda. Kabla jua halijatoka alishavua kitanda chote, akajaza maji lile beseni lenye miguu ya shaba, akapandisha gauni na kupiga magoti kwenye povu. Mhudumu wa hema alipofika na chai ya mgeni, akabisha hodi na kuambiwa karibu, alimkuta mgeni wake anafua. Shangazi akampokea sinia, akammiminia yeye chai, akamwambia akae apumzike.

Karatasi ya kasoro aliijaza kwa maneno matatu. Aliandika: *Mnyama ni mimi.*

"Meneja alicheka?" Mama Bonge aliuliza.

Meneja hakucheka. Alipoelezwa maana ya maneno yale alifungua kabati na kutoa daftari la maoni ya wageni. Kumbe kwa miaka mingi watu waliandika kwamba kambi ni nzuri, chakula kizuri, tembo wazuri, ila hawakulala. Wenye kambi walishabadilisha magodoro na mito bila kufaulu, wakachoka, ikabaki zamu ya mashuka. Walikuwa wameshapatana na mwenye mashine za kufulia huko mjini, mashuka yawe yanapelekwa kwake, na dobi aagwe kwa heshima msimu utakapoanza. Meneja alikosa namna ya kumwambia, maana hata yeye hakujua kosa liko wapi. Sasa amelijua. Akampa Shangazi mashuka kumi na mawili na siku saba.

"Akaniambia, 'Niletee shuka ninaloweza kulilalia bila kulisikia. Ukiweza, mashine zitabaki mjini. Usipoweza, hata mimi sina la kukutetea.'"

"Kwa hiyo hujafukuzwa."

"Bado," Shangazi alisema. "Ni mpaka Jumanne." Akamrudishia mtoto wake na kuinamia karai tena.

Siku hiyo na ya pili yake Mama Bonge alishinda pale. Wanga wa miaka mingi hautoki kwa siku moja. Waliyaloweka mashuka kwenye maji ya vuguvugu, wakayakamua kila mmoja upande wake mpaka yakajisokota kama kamba ya jahazi, wakamwaga maji yenye rangi ya uji, wakaanza upya. Jirani aliyepita aliitwa alale. Mkeka ulitandikwa barazani, shuka juu yake, na kila aliyelala alisema ni laini. Fundi wa baiskeli alisema laini. Mwalimu wa zamu ya mchana alisema laini sana. Redio, aliyekuja kuhakiki habari yake ya wizi, alijinyoosha na kufumba macho, akasema ni laini kama pamba, kisha akaondoka upesi kwenda kutangaza kwamba Mama Mashuka amefungua hoteli.

Shangazi hakufurahi. "Wananiheshimu," alisema. "Mtu mzima ukimlaza kwako hawezi kukwambia shuka lako linachoma. Hata wale watalii, mbele yangu walitabasamu wakaenda kuandika daftarini." Akamtazama Bonge aliyekuwa anatafuna pembe ya kanga ya mama yake. "Niazime huyu. Huyu hana adabu bado."

Wakamlaza Bonge juu ya shuka lililokuwa limekauka asubuhi hiyo, ameshiba, amebadilishwa nepi, wakati wake wa usingizi umefika. Akalala. Wakakaa kila mmoja upande wake, wamenyamaza kama watu walioko mahakamani. Hazikupita dakika kumi, mtoto akajigeuza, shuka likalia kwaru, mtoto akafumbua macho na kulia kuliko shuka. Shavuni alikuwa na mstari mwekundu.

Mama Bonge alimnyanyua, akalishika shuka. Lilikuwa na ule ugumu wake wa siku zote, kidogo lakini upo. Akamtazama Shangazi. Shangazi akatazama kuku.

"Shangazi."

"Kijiko kimoja tu."

"Shangazi jamani."

"Yalikuwa yamelegea, mwanangu. Yalining'inia kwenye kamba kama wagonjwa, na watu wanapita wanaona. Sikukusudia. Mkono ulikwenda wenyewe." Akaketi kwenye ndoo yake, na kwa mara ya kwanza tangu ashuke kwenye lori uso wake ukaonyesha umri. Alisema nyani haoni kundule, na yeye ameshaliona lake, tena kaonyeshwa na mtoto mchanga, na bado mkono unarudi kule kule. Akauliza, kama anajiuliza mwenyewe, itakuwaje akikuta kwamba mikono hii haijui kufua kwa namna nyingine.

Mama Bonge hakuwa mtu wa vitabu. Yeye shule ilimwishia darasa la saba. Lakini alikumbuka jinsi mikono hiyo hiyo ilivyomsuka nywele akiwa mdogo: ilivuta sana, akalia, na kesho yake ikavuta kidogo. Akamwambia hivyo. Halafu akaingia ndani bila kuomba ruhusa, akatoa kopo la wanga chini ya meza, akalipeleka kwa Redio alitunze mpaka Jumanne. Redio hawezi kutunza neno, lakini kopo angeliweza.

Kuanzia hapo walifua bila silaha, kama Shangazi alivyopenda kusema. Mkono ukienda chini ya meza ulikuta hewa. Walisuuza kwa maji ya mvua ya kwenye pipa, wakayakung'uta mashuka yangali na unyevu, wote wawili, yakipiga mlio kama kofi, mtoto kwenye mkeka akicheka kila kofi. Wakayaanika penye kivuli na upepo. Pasi ilipita juu juu tu. Jumapili jioni Shangazi aliliegemeza shuka moja ukutani kwa mazoea, nalo likaporomoka palepale na kujikunja miguuni pake. Akalitazama kwa huzuni, halafu akaliokota na kulishika shavuni, akakaa nalo hivyo muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Jumatatu baada ya chai wakamlaza Bonge tena.

Alilala. Akajigeuza, hakuna kilichosikika. Saa ikapita. Redio akatokea kwenye kona akinadi nyanya, na wote wawili wakamnyamazisha kwa mikono. Akatua ndoo, akaja kwa ncha za vidole, akachuchumaa nao kutazama mtoto anavyopumua. Jogoo akawika, Bonge akatabasamu usingizini. Jua lilipofika utosini alikuwa bado amelala, mdomo wazi, mikono imetupwa huku na huku kama mtu aliyelipia chumba. Alipoamka hakulia. Alikuwa ameloa, na shuka limeloa, na Shangazi alipoliona lile doa akacheka kama mtu aliyepewa cheti.

"Amesaini," alisema.

Jumanne lori lilimchukua yeye na furushi lake. Mtaa mzima ulimwona, na safari hii Redio alikuwa na taarifa kamili. Mama Bonge alibaki na kazi ya kungoja, ambayo haina pa kuishika. Jumatano aliunguza chai mara mbili. Alhamisi mchana lori la mboga lilipiga honi mwanzo wa mtaa, akatoka mbio na mtoto kiunoni.

Shangazi alishuka bila furushi. Alitembea taratibu kwa makusudi, kama mtu anayejua kwamba anatazamwa, akaingia kwa Mama Bonge, akaomba maji, akanywa yote, akarudisha kikombe.

"Shangazi, utaniua."

Basi akasema. Jumanne ile meneja alijilaza mwenyewe hema la tano. Yeye ni mtu wa kuamka saa kumi na moja, tangu kambi ijengwe hajawahi kuchelewa. Jumatano mhudumu alibisha hodi na chai, kimya. Akabisha tena, kimya. Chai ikapoa, akaleta nyingine, nayo ikapoa. Tembo walikuja mtoni, wakanywa, wakaondoka. Ilikuwa saa tatu meneja alipotokea kibarazani, nywele zimesimama, amevaa kiatu kimoja. Alimtafuta Shangazi kwa macho mpaka akamwona kwenye kamba zake.

"Akaniambia maneno matatu, kama yale yangu. 'Mashine zibaki mjini.'"

Mama Bonge alimkumbatia, mtoto akiwa katikati, na wakakaa hivyo hadi mtoto alipolalamika. Nje Redio alishaanza kutangaza. Kwa jinsi alivyoitoa habari hiyo, Bonge ndiye aliyeajiriwa.

Shangazi alikuwa bado na jambo. Alilizungukazunguka, akakunja kitambaa cha meza, akakikunjua. Mwisho akalisema. Meneja ameifuta karatasi yake. Amesema mgeni aliyefua hahesabiki kuwa amelala, kwa hiyo lazima arudie, Jumamosi, hema lile lile, na safari hii aje na mtu wake. Kitanda ni cha kulaza watu wanne. Alishamwomba mume wa Mama Bonge ruhusa pale njiani, naye amekubali.

"Njoo na Bonge wako. Utawaona tembo. Watakupa kile kitambaa cha uso, usiogope. Ile chupa miguuni usiogope. Lakini nina ombi moja, na ndilo hasa nakuitia."

"Sema, Shangazi."

"Alfajiri, kabla ya ile chai, utaniona nimeinuka naanza kuvua kitanda. Nishike mkono, mwanangu. Nishike kwa nguvu, usiniachie mpaka jua litoke."